Saa Sita Iliyofika Mara Mbili

Jumatano moja ya kiangazi, kwenye machimbo ya mawe, saa sita mchana ilifika mara mbili. Kati ya saa sita ya kwanza na ya pili, baruti ililipuka mara moja. Wote waliokuwapo walikubaliana juu ya hayo.

Mtu mmoja alikuwa na kilima cha mawe. Mwanzoni alikuwa pia na saa moja tu, ukutani kwenye kibanda chake, na kila aliyetaka kujua wakati alikizunguka kilima kwenda kuitazama. Kazi ikawa inawangoja watu waliokwenda kutazama saa. Basi akanunua saa ya pili, akazilinganisha, akawapa ndugu wawili. Mhina, mkubwa, akawekwa mashariki ya kilima. Nyange, mdogo, akawekwa magharibi. Katikati yao palikuwa na njia moja nyembamba iliyopita mgongoni mwa kilima, juu ya miamba iliyokuwa ikilipuliwa.

Kazi ya Nyange ilikuwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Alikigonga saa sita kamili, na mlio huo ulimaanisha: njia imefungwa, washeni utambi. Baruti ikishalipuka aligonga tena, na mlio wa pili ulimaanisha: njia imefunguliwa. Reli haikuwa na neno la tatu. Upande wa pili, Mhina alipandisha bendera nyekundu saa sita ya saa yake, na aliishusha aliposikia mlio wa pili.

Fundi aliyezileta saa aliwaachia onyo moja. Alisema saa mbili haziendi sawa siku zote, hata zikitoka kwenye sanduku moja. Itakayotangulia isirudishwe nyuma. Ipunguzwe mwendo kwa skrubu ndogo iliyo mgongoni, iende taratibu mpaka mwenzake aifikie. Onyo hilo wanalo hata wanaotunza kompyuta zenye prosesa nyingi, ambamo kila prosesa huhesabu wakati wake na zote zimo katika kazi moja.

Nyange aliijaribu skrubu siku mbili. Ilikuwa ndogo, na kazi yake haikuonekana kwa macho. Mishale ya saa ilikuwa mikubwa, na ilitii kidole.

Aliyevuka kilima kila siku alikuwa Mwantumu, mke wa Mhina. Nyange hakuwa na mke, na Mwantumu alimletea chakula kwenye chano kilichofunikwa kwa kawa. Aliacha chano kilichojaa, akachukua kitupu cha jana, akarudi haraka kwa kuwa Mhina hakugusa tonge mpaka mkewe arudi wale pamoja. Kabla hajampa shukrani, Nyange alimwuliza swali lilelile.

"Uliondoka kwa kaka saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo."

Na Nyange alirudisha mshale mpaka saa sita kasorobo. Mhina alikuwa mkubwa wake, na katika nyumba yao neno la mkubwa halikubishwa. Saa ya mkubwa nayo haikubishwa. Hakuwahi kuuliza njia ilichukua muda gani.

"Shemeji, wewe hufika saa ileile uliyoondoka," alimwambia siku moja, akicheka. "Una miguu kweli?"

"Njaa yako ndiyo inanivuta. Kula, nisikuone umekonda nikaambiwa nakunyima."

Walicheka wote wawili. Lakini hesabu ilikuwa hivyo. Kwa saa za ndugu hao, Mwantumu hakuwahi kuwa njiani. Alikuwa kwa Mhina, kisha alikuwa kwa Nyange. Ule muda wa kutembea haukuwa wa mtu yeyote. Mhina, kwa upande wake, aliona reli siku hizi inachelewa kidogo. Alidhani ni sauti inachelewa kuvuka kilima.

Jumatano hiyo Mwantumu alichelewa. Saa ya Nyange ilifika saa sita, naye akagonga reli. Walipuaji, ambao kutoka pale hawakuonekana, waliwasha utambi mrefu na kuondoka. Nyange hajaweka chini nondo ya kugongea, Mwantumu akatokea kwenye kona ya njia, anahema, chano kichwani.

"Nisamehe, shemeji. Nimepishana na mama mmoja huko juu, kabeba chano kitupu kama hiki chako. Sikumwona uso, alikuwa amejitanda kanga. Njia ni nyembamba, nikasimama pembeni nimpishe. Nimengoja, nimengoja. Hakupita."

"Karudi alikotoka."

"Alikuwa anakuja upande wangu."

"Uliondoka kwa kaka saa ngapi?"

"Saa sita kasorobo, kama kawaida."

Nyange aliitazama saa yake. Ilikuwa imeshapita saa sita. Aliona aibu, kwa sababu hakuwahi kumtangulia kaka yake kiasi hicho. Akaweka kidole kwenye mshale na kuurudisha mpaka saa sita kasorobo. Saa ikaendelea kutembea kutoka hapo, bila kukwama, kama saa yoyote nzima.

Mwantumu alikuwa ameshachukua chano kitupu. Alisimama akitazama juu.

"Mbona kama nimesikia reli?"

"Hiyo nimeifuta. Nilikuwa na haraka. Saa sita bado."

"Bado?"

"Tazama mwenyewe."

Akatazama. Kioo kilionyesha saa sita kasorobo. Alikuwa na robo saa, na njia yenyewe haikuhitaji hata nusu ya hiyo. Mhina alikuwa na njaa.

"Basi nikimbie," alisema.

Nyange alikaa, akafunua kawa. Chakula kilikuwa kimepoa, naye akashangaa kidogo, kwa sababu kwa saa yake kilikuwa kimetoka jikoni sasa hivi. Akainua macho kumtazama shemeji yake akipanda. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kupeperusha vumbi la kokoto. Mwantumu alishika chano kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alivuta kanga, akajitanda mpaka machoni.

Nyange aliona mama mmoja amebeba chano kitupu, amejitanda kanga, uso hauonekani, anakwenda upande ambao Mwantumu alikuwa ametoka. Tonge lilikuwa mkononi. Ndipo alipokumbuka kwamba alichokirudisha nyuma ni mshale tu.

Alisimama, akamwita kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe na kaka yake. Mwantumu alikuwa ameshakata kona. Nyange akakimbilia reli, akainua nondo, na mkono ukabaki juu. Mlio mmoja zaidi ungesema njia imefunguliwa. Hapakuwa na mlio wa kusema rudi.

Baruti ililipuka. Mawe madogo yalinyesha kwenye mabati ya kibanda cha Nyange, kisha yakakoma. Wanawake waliokuwa wakiponda kokoto chini walisimamisha nyundo, wakangoja reli iwaambie njia imefunguliwa. Reli haikulia. Wakatazamana. Mmoja wao akauliza kwa sauti kama mgongaji amelala.

Nyange alikuwa amesimama mbele ya saa. Wanawake wanasema alikuwa akiisemesha, lakini hawakusikia maneno. Mshale ulikuwa bado haujafika juu. Kwa saa hiyo njia ilikuwa wazi, utambi ulikuwa haujawashwa, na Mwantumu alikuwa na muda wa kutosha. Aliitazama ikitembea. Hakuigusa. Wale waliopanda kumwuliza kulikoni walisema alikuwa amenyoosha mkono kuwazuia wasikaribie, kama mtu anayesikiliza hatua za mtu njiani.

Kisha mishale yote miwili ikakutana juu. Ilikuwa saa sita kamili, mara ya pili siku hiyo, na kwa kazi aliyopewa, saa sita kamili ilikuwa ya kugonga. Nyange aligonga.

Ng'ambo ya kilima, Mhina alisikia mlio wa pili. Akashusha bendera, akamimina maji ya kunawa ya watu wawili, akakaa.