Siku Korongo Alipolisusia Bwawa

Kaeni vizuri, mwenye simu aizime. Zamani hizo korongo hakuwa huyu mpole mnayemwona amesimama kwa mguu mmoja bwawani. Alikuwa fujo tupu! Aliingia majini mbio, chap chap, akitimua matope na kuwatukana samaki pamoja na mama zao, kana kwamba ni watu wa ofisini waliomnyima kazi. Kila kambare alimsikia kabla hajafika. Jioni alirudi kiotani mdomo mtupu, na vifaranga wake wakakonda hadi shingo zikashindwa kubeba vichwa.

Asubuhi moja kitinda mimba hakulia wala kufungua mdomo. Korongo aliona, akaingiwa na baridi. Akashuka bwawani na hasira mara mbili, akalipiga teke gogo lililozama. Lo! Ukucha nusura ung'oke.

"Pole, dada," alisema Chura, aliyekaa juu ya yungiyungi. "Gogo nalo ulidhani kambare?"

"Nyamaza, macho kodo wewe! Leo nimegoma. Sitafuti kitu. Bwawa likinitaka, linitafute lenyewe."

"Sawa, bosi. Tukuletee na chai?"

Korongo akasusa kwelikweli. Akaukunja mguu unaouma hadi tumboni, akafumba macho nusu ili asimwone mtu. Mwanzoni alihema kama mvukuto, stresi tupu. Lakini mguu ulikuwa ukimdunda, na kila alipovuta pumzi taratibu maumivu yalilegea kidogo. Basi akavuta nyingine, akaishusha, akavuta tena. Hasira ikaja, hakuifukuza. Ikamzunguka weee, ikachoka, ikaenda zake. Matope nayo yakatua. Kwa mara ya kwanza maishani aliyaona maji yale hadi chini.

Kambare mnene akaja kunusa kidole chake. Mwili mzima wa Korongo ulitaka kuruka. Akamkumbuka yule mdogo kiotani, akavuta pumzi moja zaidi. Kambare akasogea. Chwap!

"Ala!" Chura akasema, akazama bila kuaga.

Kiotani, harufu ya samaki ilipomfikia, kitinda mimba alipanua mdomo. Ndugu zake wakamrukia kugombea vipande, wakimkanyaga mama yao palepale penye kidonda. Zamani angewachapa mabawa wote. Akavuta pumzi, akaishusha, akagawa upya, akianza na mdogo.

Na tangu siku hiyo korongo husimama kimya majini, mguu mmoja juu, macho nusu. Kambare hupita karibu naye wakidhani ni unyasi tu, na wengi wao hawapati muda wa kubadili mawazo.