Kioo Kinachoteleza na Macho ya Mama Sikudhani

Paukwa!

Pakawa!

Aliyesinzia?

Aamshwe!

Aliyekodoa macho?

Apepese!

Basi pepeseni, nami nianze. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na simu... Usinicheke wewe hapo nyuma, walikuwa nazo, ila siku hizi wamezichoka. Hapo zamani palikuwa na nchi iitwayo Majabali, na katika nchi hiyo mafundi wawili wa simu. Ngedere alikuwa na karakana upande wa kushoto wa mto, Kicheche upande wa kulia.

Na juu ya jabali refu kuliko yote alikaa mlinzi wa nchi, pimbi jike aliyeitwa Mama Sikudhani. Kazi yake ilikuwa kumvizia Tai. Tai akitokea, yeye hubonyeza simu yake, simu zikalia mapangoni mote, watoto wakakimbilia ndani. Macho yake yalisifiwa nchi nzima. Aliweza kulikodolea jua la mchana na kumwona Tai angali kidoa.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo penye utata. Kioo cha simu hakisogezi picha. Huonyesha picha moja, kikaifuta, kikaonyesha nyingine, upesi upesi, jicho likadanganyika kwamba panya aliye pichani anakimbia. Zamani vioo vyote vilibadilisha picha mara sitini kwa sekunde moja, na hakuna aliyelalamika.

Siku moja Ngedere akapanda juu ya paa la karakana yake, akapaza sauti: "Mara tisini! Kioo changu chateleza, chake chatambaa!" Wanyama wakavuka mto kwenda kushoto.

Kicheche naye akapanda juu ya paa lake: "Mara mia na ishirini! Kioo changu chateleza, chake chatambaa!" Wanyama wakavuka kwenda kulia.

Ngedere akapanda tena: "Mara mia na arobaini na nne! Kioo changu chateleza, chake chatambaa!" Wakavuka tena kushoto, hata majani ya kivukoni yakaisha kwa kukanyagwa.

Ugomvi ukaingia majumbani, na nyumba ya kwanza kuingiwa ilikuwa ya mlinzi wetu. Mumewe, Baba Siku, alikuwa akifanya kazi kwa Ngedere. Binti yao, Sikudhani, alikuwa akifanya kazi kwa Kicheche. Baba na mwana wakawa hawasemezani. Akitaka chumvi, baba humwambia mkewe, "Mwambie mwanao anipe chumvi." Na mwana naye humwambia mama, "Mwambie mumeo chumvi iko mbele yake."

Mtawala wa Majabali alikuwa Mzee Kifaru. Alipoona nchi inapasuka kwa sababu ya kioo, akaita mkutano wa wote.

"Yatosha!" akasema. "Simu za nchi hii zitatoka karakana moja tu. Itakayoshindwa ifungwe, na fundi wake ahame na watu wake wote. Mimi macho yangu mnayajua, hata nyumba yangu naijua kwa harufu. Mama Sikudhani ndiye atakayeamua. Nampa siku tatu."

Umati ukashangilia. Mama Sikudhani alishika kifua. Akimchagua Ngedere, bintiye anahama. Akimchagua Kicheche, mumewe anahama. Lakini akajituliza: nitasema nitakachokiona, basi. Macho hayana upendeleo.

Siku ya kwanza wakamletea simu mbili. Ndani ya kila moja palikuwa na panya akikimbia. Mama Sikudhani akaitazama ya kushoto. Akaitazama ya kulia. Akaitazama tena ya kushoto.

Panya ni yule yule. Mbio ni zile zile.

"Umeonaje, mama?" akauliza Ngedere. "Si unaona changu kinavyoteleza kama samli kwenye kikaango?"

"Na hicho chake kinavyotambaa!" akadakia Kicheche. "Hata mtoto mchanga anaona!"

Nyuma yao umati ukaitikia, "Tunaona! Tunaona!"

Mama Sikudhani akahisi masikio yanamwaka moto. Wote wanaona, yeye haoni. "Niacheni nitafakari," akasema, akapanda juu ya jabali lake. Huko juu akafumba jicho moja, akalifumbua, akafumba la pili. Akahesabu majani ya mti wa ng'ambo ya bonde. Aliyaona yote. Akaitazama tena simu. Hakuona kitu. "Ee Mola," akanong'ona, "naanza kupofuka, nami sijijui?" Na mlinzi aliyepofuka hana kazi, wala nchi yenye mlinzi kipofu haina watoto.

Siku ya pili akaenda mtoni kwa siri, akamkuta Kereng'ende ameshika unyasi.

"Hodi, ndugu yangu. Nakuja na shida. Nitazamie simu hizi, uniambie ipi inateleza."

Kereng'ende akageuza yale macho yake makubwa. "Inateleza? Hakuna inayoteleza. Naona picha imesimama, imetoweka, imesimama, imetoweka. Zote mbili zinanikera. Unanitania, bibi?"

"Sikutanii. Wenzangu wanasema panya anakimbia."

"Panya gani? Mimi naona rundo la picha za panya."

Mama Sikudhani akaondoka kichwa kikimzunguka. Njiani akakutana na Kobe, akamwonyesha naye.

Kobe akatazama muda mrefu. "Mwanangu, hii ya kushoto ni upepo mtupu."

"Na ya kulia?"

"Upepo mtupu."

"Na ile simu yako ya zamani, babu, iliyoharibika, ambayo picha zake zinaganda?"

"Iliyoharibika? Nani kasema imeharibika? Ile nayo ni upepo, ila upepo wa adabu."

Basi, wenzangu, mnamwona mlinzi wetu? Huyu haoni mwendo kabisa, huyu haoni ila mwendo, umati unaona mtelezo, na yeye haoni lolote. Nani ana macho hapa? Alikaa chini kando ya njia kama aliyesahau anakokwenda, na kwa kweli alikuwa amesahau.

Siku ya tatu, mchana, wakala chakula pangoni wote watatu. Mama Sikudhani hakugusa kitu. Ghafla machozi yakamtoka.

"Mama, una nini?" akauliza Sikudhani.

"Mke wangu, nani kakuudhi?" akauliza Baba Siku.

"Sioni," akasema. "Nimetazama siku tatu, sioni tofauti. Nitaketi mbele ya nchi niseme uongo, na kwa uongo huo nimfukuze mmoja wenu. Kisha nipande jabalini nisimwone Tai. Niambieni nifanye nini, maana akili yangu imekwama."

Sikudhani akasukuma sahani yake.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "macho yako hayana ubaya. Ile simu tuliyokuletea inaenda mara sitini."

"Sitini? Si mia na ishirini?"

"Ikienda mia na ishirini inachemka, na chaji haifiki adhuhuri. Bwana Kicheche aliogopa ikuzimikie mkononi, akatuamuru tuirudishe sitini. Alisema hakuna atakayejua."

Baba Siku akapasuka kicheko, kisha akakikata katikati, akainamisha kichwa. "Mwanangu," akasema, na hilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia bintiye tangu masika, "hata sisi tuliirudisha sitini. Kwa mikono yangu hii niliirudisha."

Wakatazamana, baba na mwana. Miezi yote ile ya kununiana, kumbe walikuwa wakigombania sitini na sitini.

Mama Sikudhani akafuta machozi. Alifurahi, akakasirika, akafurahi tena, kisha akachanganyikiwa upya. Akilisema hili hadharani, karakana zote mbili zitafungwa, na mumewe na bintiye watahama pamoja. Asipolisema, atakuwa ameuza macho yake. Akainuka bila kujua atasema nini.

Uwanjani wote walikuwa wamekwisha kusanyika. Kushoto wakiimba, "Chake chatambaa!" Kulia wakiimba, "Chake chatambaa!" Mzee Kifaru akapiga mguu chini.

"Mama Sikudhani, ipi?"

Akasimama.

"Mzee wangu," akasema, "kabla sijachagua, naomba mafundi waziachie simu hizi mwendo wake wa kweli, hapa mbele ya watu. Kisha nipande nazo jabalini kesho, tangu jua lichomoze hadi litue. Mlinzi hachagui simu kwa kuitazama uwanjani. Huichagua kazini."

Ngedere akameza mate. Kicheche akajikuna palipokuwa hapawashi.

"Mwendo wa kweli?" akauliza Kifaru. "Kwani sasa ziko katika mwendo gani?"

Mafundi wakainama, wakabonyeza hapa, wakabonyeza pale.

Mama Sikudhani akatazama, na lo! Panya alikuwa akikimbia kama maji juu ya jiwe. Aliona! Safari hii aliona kweli, uzuri ulioje, hata akasahau kulia kwake. Zote mbili ziliteleza, na ipi yateleza zaidi hakuweza kusema. Akazipokea, akapanda nazo.

Asubuhi ya pili yake alikaa jabalini, simu moja kila upande. Jua lilipofika mashambani, zikawa vuguvugu. Lilipofika utosini, zikawa moto kama mawe ya figa. Ya Ngedere ikazima. Hajamaliza kushangaa, ya Kicheche nayo ikazima.

Na Tai akatokea.

Alitokea upande wa jua, kama kawaida yake, kidoa tu. Mama Sikudhani akabonyeza kushoto. Kimya. Akabonyeza kulia. Kimya. Bondeni watoto walikuwa wakicheza, na kidoa kilikuwa kimekwisha kuota mbawa. Akazitupa simu, akasimama kwa miguu ya nyuma, akapiga ukelele kwa koo lake, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, hata koo likachanika. Watoto wakatawanyika mapangoni. Mmoja, mtoto wa mwisho wa jirani, Tai alimgusa mgongo kwa kucha, akaondoka na manyoya tu.

Jioni Mzee Kifaru akaita mkutano. Mtoto aliletwa mbele, mgongo umepakwa dawa. Hakuna aliyeimba.

Mama Sikudhani, kwa sauti iliyokauka, akaeleza yote: sitini, mia na ishirini, joto na chaji. Hakumficha mumewe wala bintiye.

"Basi ipi imeshinda?" akauliza Kifaru.

"Mzee wangu, hata sasa sijui. Niliona uzuri, sikatai. Lakini mimi huvizia kidoa angani, sihitaji panya akimbiaye kama maji kutwa nzima. Nahitaji simu iliyo macho Tai anapokuja."

Kifaru akawageukia mafundi. "Kuwafukuza ningeweza. Lakini mkihama, uongo wenu mtauuza kwa jirani. Mtakaa karakana moja, hapa penye uwanja, na huyu mtoto atakuwa akipita mlangoni kila asubuhi. Toeni simu yenye akili ya kujua lini ikimbie na lini ipumzike."

Wakakaa, wakagombana, wakatupiana nyundo. Baba Siku na Sikudhani wakawa wapatanishi, maana wao walikuwa wamekwisha kuchoka kununa. Mwaka ukaisha, simu ikatoka. Ukicheza, kioo kinakimbia mia na ishirini. Ukitulia kusoma, kinashuka chenyewe, hata mara kumi, kikihifadhi chaji. Ndiyo maana mpaka leo baadhi ya vioo huenda mbio vikitazamwa kwa mbio, na huenda pole vikitazamwa kwa upole.

Na Mama Sikudhani? Aliipokea simu hiyo, akashukuru, lakini kila asubuhi, kabla ya kuiwasha, alipiga ukelele mmoja mdogo kulijaribu koo.

Funzo ni hili: jicho lako likikwambia haliioni tofauti, usiliite kipofu kabla hujamuuliza aliyekitengeneza kioo. Na wawili wakigombana juu ya mwendo, waulize kwanza wanakwenda wapi.

Nami siku hiyo nilikuwapo uwanjani, nikapiga kelele "Naona! Naona!" pamoja na wenzangu, na miwani yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani.

Ngano yangu imezima hapa. Mwenye chaji aendelee.