Shemeji Aliyesaka Hazina ya Mjerumani

Kabla hujaisambaza hii kwa watu wote, mtumie kwanza yule ndugu yenu anayependa kusogeza mipaka. Kila ukoo unaye.

Kulikuwa na mjane mmoja huko migombani, chini ya mlima, akiitwa Mama Kandida. Kwao mpaka wa kihamba, yaani shamba la migomba la kurithi, hauwekwi kwa ukuta wala waya. Hupandwa masale, ile mimea ya majani marefu, na mtu mwenye adabu haigusi.

Mumewe alipofariki, masale yakaanza kutembea. Kila mvua ikinyesha, yalisogea kidogo kuelekea kwa mjane, mpaka yakameza nusu ya migomba yake. Migomba hiyo ndiyo ilimlisha yeye na ng'ombe wake mmoja. Upande wa pili aliishi shemeji yake, Aloisi, mwimba besi wa kwaya ya parokia.

Mama Kandida akalalamika mbele ya ukoo. Aloisi akasimama, akanyoosha kola.

"Ndugu zangu, shemeji yangu ana uchungu wa kufiwa. Leo anaona masale yanatembea. Kesho ataona migomba inacheza ngoma."

Watu wakacheka. Mzee Fidelis, mwenyekiti wa ukoo, akamwambia mjane, "Lete ushahidi kabla ya Pasaka. Ukikosa, mpaka unabaki ulipo."

Yaani aliyenyang'anywa ndiye atafute ushahidi, na aliyenyang'anya akae akichekesha watu. Haya, tuendelee.

Sasa huyo Aloisi alikuwa na ugonjwa mmoja. Babu yake aliwahi kumpikia Mjerumani, basi aliamini Mjerumani yule alizika sanduku la dhahabu mahali fulani kihambani. Wiki ya Matawi akamleta kijana mmoja kutoka machimboni, mwenye mashine inayolia ikipita juu ya madini.

Mashine ikalia. Wakachimba, wakapata kijiko. Ikalia tena, wakapata kopo la dawa ya kahawa. Kisha, katikati ya migomba ile aliyoimeza, ikalia kama mtoto aliyenyimwa titi. Aloisi akatuma watu wauite ukoo mzima. Alitaka mashahidi.

"Mzee Fidelis, kinachotoka ardhini ni cha nani?"

"Cha mwenye kihamba."

"Shemeji, umesikia?"

"Nimesikia, shemeji," akasema Mama Kandida. "Chimba."

Likatoka donge la udongo. Ndani yake, medali ndogo ya Bikira Maria, nyembamba kama ukucha.

Watu wakaanza kuguna. Kijana wa mashine akaifuta kwa shati. "Hii ni fedha halisi, ya zamani. Watalii wa mlimani wanazipenda sana."

Aloisi akainyakua.

"Shemeji," Mama Kandida akauliza kwa upole, "una hakika ni ya kwenu? Isije ikawa ya mpita njia."

"Mpita njia gani? Hii ni ya mama yangu. Ilibarikiwa na padri. Siku baba anatugawia vihamba, mimi na marehemu kaka, mama aliivua shingoni, akaizika mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshika jembe."

"Sawa. Aliizika wapi?"

"Chini ya sale la kwanza la mpa..."

Hapo besi ya parokia ikakatika.

Kila mtu aligeuka kuyatafuta masale. Yalikuwa kule mbali, karibu yaingie jikoni kwa mjane.

Kijana wa mashine, maskini, mgeni, akauliza, "Sasa hilo sale liko wapi, mzee?"

Mzee Fidelis akaelekeza kidole shimoni. Alisema tu, "Aloisi, jembe hilohilo."

Medali ikarudishwa shimoni. Aloisi akapanda masale upya juu yake, mstari mzima, ukoo ukiangalia na kijana wa mashine akisaidia kunyoosha kamba.

Kwao mkosaji akileta jani la sale, lazima asamehewe. Jumatatu ya Pasaka Aloisi akafika mlangoni kwa mjane, ameinamisha kichwa, jani mkononi.

Mama Kandida akalipokea. "Nimekusamehe, shemeji. Ila hili umelichuma upande gani?"

Funzo: Mwenye haki akikuuliza swali kwa upole, usidhani hajui jibu. Na kama umesogeza mpaka, usiwaite watu waje kuchimba.