Sahani ya Mwisho ya Mwamvita

Hapo zamani, wala si ile zamani ya sungura kuvaa kanzu. Ni zamani ya karibu tu. Watoto waliozaliwa mwaka ule sasa wako darasa la tatu. Sogea usikilize, na nikimaliza usiinuke haraka, kwa sababu nina swali na nataka jibu lako.

Ujiji kulikuwa na fundi wa cherehani, jina lake Mwamvita. Alikuwa mwanamke mnene. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Akipita mtaani watu walimwambia, "Mwamvita, umependeza! Mumeo anakutunza." Naye alicheka, akapita.

Lakini unene ukaendelea. Ukafika kwenye magoti, magoti yakakataa. Ukafika kwenye damu, sukari ikapanda. Ukafika kwenye usingizi, pumzi ikawa inakatika akiwa amelala. Ikawa hata kuinuka ili ampime mteja ni kazi.

Daktari wa pale akamwambia, "Mama, dawa peke yake haitoshi. Huko Dar es Salaam kuna wapasuaji wanaopunguza tumbo la chakula. Wanalikata, wanabakiza mfuko mdogo, kama ndizi moja."

"Na baada ya hapo nitakula nini?"

"Mwanzoni vinywaji tu. Ukishapona utakula chakula cha kawaida, ila kidogo. Vijiko vinne, vijiko vitano, basi. Sahani iliyojaa hutaila tena."

Mwamvita akarudi nyumbani akalia. Alilia siku mbili. Siku ya tatu akamtazama binti yake wa miaka minne akicheza na vipande vya vitambaa chini ya cherehani, akafuta machozi, akasema, "Nitakwenda."

Nafasi ilichukua mwaka mzima kupatikana. Ilipopatikana, daktari wa Dar es Salaam akampigia simu mwenyewe.

"Ukipanda treni Jumapili jioni, hakuna chakula kigumu tena. Supu iliyochujwa, uji mwepesi, maziwa. Utakaa huku wiki mbili tukikuangalia, ini lipungue mafuta, ndipo tukupasue. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, daktari."

"Jumapili mchana kula sahani moja ya chakula unachokipenda. Moja, mama. Wengine wanafanyiwa karamu ya kuagwa, wanafika kwangu sukari iko juu, nawarudisha makwao. Ukirudishwa utangoja mwaka mwingine. Na kwa pumzi yako hiyo, sitaki ungoje."

Mwamvita akafunga mzigo. Akaweka magauni mapana mawili, akaweka chupa ya chai ya kubebea uji, akaweka kanga zake. Chini kabisa akaweka kitenge kizima ambacho hakukikata, kwa sababu hakujua atarudi na kipimo gani.

Sasa, kwao Mwamvita msafiri haondoki na njaa. Na yule anayemlisha mara ya mwisho ndiye anayehesabiwa kuwa amemuaga. Wengine wote watashika mkono na kusema safari njema, lakini aliyemuaga ni yule mmoja.

Jumapili ikafika. Mchana ukafika.

Wa kwanza kuingia alikuwa Bibi Zuhura, nyanya yake aliyemlea. Alikuwa ameacha kupika kwa miaka mitatu, macho yamefifia. Siku ile aliwafukuza watu wote jikoni kwake. Alikuja na ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, kwa mawese, juu amefunika kawa, kile kifuniko cha ukindu walichofunikia mama zetu. Akaweka sahani mkekani, akakaa.

Hajakaa vizuri, akatoka jikoni Mrisho, mume wa Mwamvita, fundi wa baiskeli. Naye ameshika sahani iliyofunikwa kawa. Wali na maharage.

Bibi akainua kichwa, akamtania. "Mume wangu, na wewe umepika?"

"Nimepika, Bibi."

"Basi hakuna haja ya kwenda Dar es Salaam. Tumbo litakatika hapahapa."

Wakacheka. Hawajamaliza kucheka, akabisha hodi Skolastika, rafiki wa Mwamvita tangu darasa la kwanza, anayeshona naye baraza moja. Jasho linamtoka. Sahani mkononi, kawa juu yake. Muhogo wa kuchoma, chumvi na pilipili pembeni.

Akaziona sahani mbili. Akasimama mlangoni.

"Shoga, ingia," Mwamvita akasema.

Akaingia. Akaweka sahani yake. Sasa kawa zikawa tatu, na mlaji mmoja.

Mrisho akasema, "Si jambo gumu. Mke wangu achote kidogo huku, kidogo huku, kidogo kule."

Bibi akasema, "Mawese, maharage na pilipili sahani moja? Hicho chakula cha mtu au cha mbuzi?"

Lakini aliyekataa hasa ni Mwamvita mwenyewe. Alisema polepole, "Hapana. Kuonja, nitaonja maisha yangu yote yaliyobaki. Leo nataka kushiba. Nataka kushiba kwa mkono wa mtu mmoja."

Bibi akafungua mdomo.

"Basi mimi ndiye wa kwanza kusema, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza kulisha. Mama yake alipofariki, huyu aliletwa kwangu na surua. Miaka minne, lakini uzito wa kuku. Mwili wote mifupa. Majirani walikuwa wamekwisha kuandaa sanda, mimi nimeiona kwa macho yangu, imekunjwa juu ya kinu. Nikasema hafi. Nikakaa naye jikoni. Tonge dogo kama punje ya mahindi, nachovya kwenye mawese, nampa. Anatapika, nampa. Analala, namwamsha, nampa. Na mwaka ule chakula hakikuwepo. Alikuwa akiniuliza, 'Bibi, wewe je?' Namwambia, 'Mimi nimeshakula.' Nilikuwa sijala."

"Nilijua, Bibi," Mwamvita akasema. "Nilikuwa nasikia ukikwangua ukoko."

Bibi akashtuka kidogo. Kumbe miaka yote ile mtoto alikuwa akisikia. Akajikaza akaendelea. "Tumbo hili mimi ndiye niliyelijaza mara ya kwanza. Sasa linakwenda kukatwa. Aliyelijaza mara ya kwanza alijaze na mara ya mwisho."

Skolastika akasema kwa adabu, "Shikamoo Bibi, usinikasirikie. Lakini alipopona hukuacha. Nilikuwa nakuja kwenu kucheza, naona unampakulia mara ya pili, mara ya tatu, mwenyewe anasema ameshiba."

"Ningeacha vipi?" Bibi akajibu. "Wewe umewahi kumpakata mtoto anayekufa? Kila akiacha tonge sahanini, mimi naiona ile sanda."

Mrisho akajikohoza. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Nilipomwoa tulikuwa na chumba kimoja na sahani moja. Wali na maharage, ndicho chakula alichonipikia siku ya kwanza. Tukala pamoja. Yeye anasukuma maharage upande wangu, mimi nayarudisha upande wake. Tukacheka mpaka wali ukapoa. Sijawahi kula chakula kitamu kama kile."

"Hayo ni mapenzi, mume wangu, si dai," Bibi akasema. "Dai lako liko wapi?"

Mrisho akatazama mkeka. "Miaka mitatu sasa sijalala usingizi mzima. Namsikiliza. Pumzi ikikatika nahesabu. Moja, mbili, tatu. Nikifika kumi haijarudi, namgeuza ubavu, inarudi. Halafu nasubiri tena. Asubuhi anaamka ananiambia, 'Leo nimelala vizuri.' Namwambia, 'Alhamdulillahi.'"

Mwamvita akamgeukia. "Hukuniambia."

"Ungeogopa kulala."

"Kwa hiyo ndiyo maana unasinzia kazini? Na mimi nimekuwa nikikuita mvivu mbele za watu!"

"Mvivu ni jina tu," Mrisho akasema. "Bibi alimlisha ili aishi, sikatai. Lakini hivyo vitu vyote alivyovila tangu hapo, angevilia wapi kama usiku mmoja ningelala? Mimi nimeilinda pumzi. Nimejifunza kupika kwa ajili ya magoti yake. Acha aondoke na chakula changu."

Skolastika akacheka kwa pembeni. "Shemeji, nikuulize. Chipsi na mishikaki ya kila Ijumaa, ulikuwa unamletea nani?"

Mrisho akainamisha kichwa. "Nilimletea yeye. Nilijua hazimfai. Lakini uso wake ulikuwa unachanua nikifungua lile gazeti walilofungia. Ningemwonyesha nini kingine cha kumchanua hivyo?"

Akabaki Skolastika. Akaanza kwa ukali, kama alivyozoea.

"Ninyi wote mmempa. Mimi nimemnyima. Mnajua kumnyima mtu unayempenda kulivyo? Tulikuwa tunashona sare za harusi. Nikampima. Futi ikazunguka, ikaishia njiani, likabaki pengo la kiganja kizima. Watu wote wanamwambia amependeza. Mimi nikamwambia, 'Mwamvita, unakufa.' Hakunisemesha miezi miwili. Tunashona baraza moja, cherehani zinaongea, sisi kimya."

"Ni kweli," Mwamvita akasema. "Nilikuchukia."

"Ukanichukia, nikaja vilevile. Nikakupeleka hospitali. Nikakutembeza kila asubuhi, kwanza mpaka nguzo ya kwanza ya umeme, ukakaa chini ukalia, nikakaa na mimi. Mwezi uliofuata nguzo ya pili. Nikaacha chai ya sukari ili usiitamani. Nikaacha chapati. Mume wangu ananiuliza kama ninaumwa. Chapati nimekunyang'anya mkononi mbele ya wageni, wakaniita mwenye wivu. Daktari alisema hupasuliki bila kupunguza kwanza, ukapunguza. Kiti cha treni leo kimepatikana kwa sababu ya nani?"

"Na pipa ulimwita nani?" Bibi akauliza, safari hii bila mzaha. "Mbele ya wateja. Mjukuu wangu alikuja kulia kwangu."

Ukali ukamtoka Skolastika. Alipojibu, sauti ilikuwa nyingine.

"Nilimwita mimi. Nilikuwa nimemkuta amejificha nyuma ya nyumba na mkate mzima. Niliogopa, neno likatoka. Silali vizuri kwa neno lile." Akaisogeza sahani yake kidogo. "Shuleni wakati wa mapumziko tulikuwa tunanunua muhogo mmoja wa kuchoma getini. Naukata, kipande kikubwa nampa yeye. Kila siku. Unamkumbuka yule mama wa getini, Mwamvita, na pilipili yake kwenye kopo la maziwa?"

"Namkumbuka. Na pua yako ilivyokuwa inatoka kamasi."

"Basi. Zamani nilikuwa mtu wa kukupa. Miaka miwili nimekuwa mtu wa kukunyang'anya. Ukitoka kupasuliwa nitaendelea kukunyang'anya, kwa sababu hawa wawili hawataweza. Nipe siku moja. Nataka leo niwe yule wa zamani."

Bibi akaitafuta pembe ya kanga yake, akafuta macho. Mrisho akajifanya anasikiliza kama bajaji ya kuwapeleka stesheni imefika. Haikuwa imefika bado, lakini ilikuwa njiani.

Mwamvita akazitazama kawa tatu. Akamtazama Bibi, mikono yake imeungua vidole viwili kwa mafuta ya mawese, kwa sababu hakuliona karai vizuri. Akamtazama mumewe, macho mekundu. Akamtazama shoga yake, ambaye gauni lake lenyewe lilikuwa limemlegea mwilini.

"Nikifunua moja," akasema, "wawili watarudi na sahani zao. Nitakuwa nimekaa kwenye treni, nikiwakumbuka na sahani zenu mikononi."

"Usituhurumie," Bibi akasema. "Mimi mzee, hilo lisikusukume. Kula, mwanangu, saa inakwenda."

"Kula, mke wangu."

"Kula, shoga. Ila moja tu. Ukigusa ya pili, naibeba naondoka nayo."

Wakacheka wote wanne, kicheko kifupi. Mwamvita akanawa. Akasema bismillahi. Akanyoosha mkono wa kulia, akafunua kawa moja. Akala taratibu, tonge kwa tonge, mpaka sahani ikawa nyeupe. Akashiba. Kisha akaondoka, na aliyemuaga akahesabiwa.

Kawa aliyoifunua naijua, lakini sitaitaja, kwa sababu kila ninapoitaja wasikilizaji wanagombana, na wanaogombana wote wana haki.

Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mmoja alimlisha ili asife. Mmoja alikesha ili asife. Mmoja alimnyima ili asife. Na kila mmoja, kwa mapenzi yaleyale, alimdhuru. Je, ile sahani ya mwisho ilikuwa haki ya nani?