Uyoga Uliokuja Bila Miguu

Mkata uyoga humwacha shahidi ardhini. Jana baada ya Alasiri mlimsikia Imamu akimtupia neno hilo yule bwana aliyekuja kumshtaki mkewe, naye akainamisha kichwa. Nanyi mkacheka, ilhali hamkujua mnachekea nini. Ketini basi, wanangu, niwape asili yake, maana neno lisilojulikana lilikotoka hutumiwa pasipo pahali pake.

Lilianzia Namitili, katika miombo ya Tunduru, kwa mwanamke aitwaye Biti Kalanje. Mwenyezi Mungu alimjaalia ujuzi wa uyoga kama alivyowajaalia wengine hesabu za nyota. Vijiji saba havikuinjika chungu cha uyoga wa mwituni mpaka yeye ameutazama. Na sharti lake lilikuwa moja tu: uyoga haukatwi. Huchimbuliwa kwa kijiti, ukaletwa na mguu wake na udongo wake, naye huutazama mguu kabla ya kofia. Kwani katika miombo ile huota uyoga mweupe wa kuua, unaofanana na ule wa kuliwa kofia kwa kofia. Kinachoutenga ni kifuko chembamba, mfano wa ganda la yai, kilichouvika mguu chini ya udongo.

Hayo aliyasema kila masika kwa miaka thelathini. Na kila masika watu walimjia na uyoga uliokatwa, umeoshwa, unang'aa.

“Bibi, hebu tutazamie.”

“Mguu uko wapi?”

“Tumeuacha huko huko, una matope.”

Biti Kalanje hufumba macho, akasoma istighfari, akawarudisha. Kuna jirani aliyemrudisha mara nne kwa siku moja. Mara ya tano akaja na miguu mitupu, kofia amezisahau nyumbani. Siku hiyo Biti alijifungia ndani asije akatamka neno la kumharibia saumu yake.

Ndipo akarejea Che Bwanali Mtalika, aliyekaa mjini miaka kumi akiotesha uyoga bandani, katika mifuko ya pumba. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa mwongo. Ujuzi wake ulikuwa wa haki. Aliunda chama, akahutubu sokoni kuwa uyoga ni nyama ya asiye na mbuzi, na watu wakamfuata. Akawafundisha kulikata shina kwa kisu kikali, juu kidogo ya udongo, uyoga ufike jikoni safi. Bandani hilo lilikuwa sawa, kwa kuwa aliyevuna ndiye aliyepanda. Lakini mwituni hakupanda yeye.

Ikafika siku ya kuwahitimisha watoto wa chuo cha Mwalimu Twaibu, watoto arobaini waliomaliza Qurani, na miongoni mwao Somoe, mjukuu wa Biti Kalanje. Alfajiri Che Bwanali na wanachama wake waliingia mwituni, wakarudi na mabeseni mawili ya uyoga mweupe, wa kuwapikia watoto. Biti akaitwa, autazame kama ilivyo ada.

Alitazama beseni la kwanza, akatazama la pili. Hapakuwa na mguu hata mmoja.

“Sijui,” akasema.

“Hujui?” Che Bwanali akastaajabu. “Wewe, Biti, usijue uyoga?”

“Sijui, na wewe hujui. Tofauti yetu ni kwamba mimi nimesema.”

Ua zima likavuma. Mpishi akashauri watie kitunguu. Kikigeuka cheusi, ndiyo sumu. Biti akamwambia kitunguu hakijapata kumwokoa mtu. Mwingine akaapa kuwa ameona uyoga mmoja umetafunwa na konokono, naye konokono amekwenda zake salama.

“Basi mwite konokono aje ale karamu,” akajibu Biti. “Mimi nina mjukuu, sina konokono.”

“Ni kijicho tu hicho,” sauti ya mwanamume ikasema nyuma. “Kabla ya chama, tulikuwa hatuli mpaka atupe ruhusa.”

Biti hakugeuka. Akamwendea Che Bwanali, akasimama mbele yake. “Kisu chako kimepita wapi leo? Nipeleke.”

Mwalimu Twaibu akaamuru sufuria isiinjikwe mpaka warudi. Wakaenda, wanachama wakifuata nyuma wakiguna, na yule bibi akisukuma magoti yake katika jua la saa nne. Walipofika, akapiga magoti, akaanza kufukua vishina vilivyobakizwa na kisu. Wa kwanza, mguu mtupu. Wa pili, mtupu. Ulipofika wa kumi Che Bwanali akaanza kutabasamu.

“Unaona, bibi yangu? Tunachoshana bure.”

Biti akaendelea kufukua. Mguu wa kumi na nne ulitoka umevaa kifuko. Akamwekea Che Bwanali kiganjani. Akafukua tena, akapata wa pili, na hatua chache mbele, wa tatu. Tabasamu la Che Bwanali likatoweka.

“Alhamdulillahi, ni mitatu tu,” akasema. “Tukirudi tutautoa ule wa miguu hii mitatu, uliobaki upikwe.”

“Upi?” akauliza Biti.

Walirudi kijijini. Uani Che Bwanali alisimama mbele ya mabeseni: kofia mamia kwa mamia, nyeupe, zimeoshwa, zimefanana kama punje za mchele. Akaokota moja, akairudisha. Akaokota nyingine.

“Chagua, mwanangu,” Biti akamwambia, na sauti yake haikuwa na ukali tena, ilikuwa imechoka tu. “Chagua mmoja utakaomlisha Somoe kwa mkono wako mwenyewe.”

Che Bwanali akayabeba mabeseni yale mwenyewe, akachimba shimo nyuma ya ua, akaufukia uyoga wote, wa halali na wa mauti pamoja. Watoto wakala ugali na kunde, na wakanung'unika sana, kwani hawakujua walichoepushwa. Mpishi naye alikuwa bado anasema kuwa mwingi wake bila shaka ulikuwa mzuri.

“Mwingi wake ulikuwa mzuri,” Biti akaitikia, akipangusa udongo magotini. “Nani alibisha?”

Baada ya dua, Che Bwanali aliinuka mbele ya wazee na wanachama wake. Wengi walidhani atajitetea. Akasema: “Nilitaka kuwaletea kilicho safi. Nimekata uyoga, nikamwacha shahidi ardhini.” Akaketi.

Tangu siku ile, wanangu, mtu akileta jambo lililooshwa likang'aa, shina lake ameliacha alikolikatia, Namitili hawamwiti mwongo, kwa kuwa huenda yeye mwenyewe hajui alichobeba. Humwambia arudi akafukue, maana mkata uyoga humwacha shahidi ardhini.