Kidole cha Fontarel

Sogeeni, watoto, na asisinzie mtu. Ilikuwa zamani ile ambayo mawe bado yaliwakumbuka walioyabeba, na atakayesema sikuwapo, anionyeshe yeye alikuwa wapi.

Huko Ufaransa palikuwa na kijiji, Fontarel. Kidogo, kidogo kweli: kilima kimoja, kanisa moja, tanuri moja la mkate la watu wote. Chini ya kilima, chemchemi. Kando ya chemchemi, nyumba ya mjane Ozanne. Ng'ambo yake, Grandmare, kijiji chenye vinu viwili vya kusaga kwa nguvu ya maji na kiburi cha vinu kumi.

Akaja mpima ardhi wa serikali kuchora mipaka. Akasema, “Nyumba hufuata tanuri linalooka mkate wake. Chemchemi hufuata nyumba.”

Fontarel wakaona chemchemi inawaponyoka. Maana Ozanne alikuwa akiokea Grandmare miaka saba, miaka saba mizima, tangu mzee Anselme, mtunza tanuri wa Fontarel, alipomuunguzia mkate wa Pasaka. Na Grandmare walikwisha kuchimba mfereji wa kupeleka maji yote vinuni. Fontarel wangelamba umande.

“Bibi, unaokea wapi?” mpima akamuuliza Ozanne.

“Grandmare.” Kinyongo anacho, uongo hana.

Meya wa Grandmare akacheka. “Andika, bwana.”

“Ngoja kwanza,” akasema Ozanne. Akamuuliza mtunza tanuri wa Grandmare, “Mkate wangu huuweka wapi?”

“Popote penye nafasi, mama. Mkate ni mkate.”

Akamgeukia Anselme. “Na wewe, mchoma mikate?”

“Kushoto, karibu na mlango,” mzee akajibu. “Unga wako una shayiri, hautaki moto mkali. Siku ile nilisinzia. Tangu hapo nafasi yako iko wazi. Watu hunitukana kwamba napoteza moto. Waache.”

Ozanne alitaka kukasirika tena, hasira ikamgomea.

“Bwana mpima, jana niliokea Grandmare. Kesho naokea Fontarel. Wewe andika la kesho.”

Mpima akaupinda mstari wake. Ndiyo maana kwenye ramani Fontarel ina kidole kirefu, kimeshuka kilimani kikaigusa chemchemi. Ramani isiyo na kidole hicho ilichorwa na mvivu.

Basi, mkimkosea mtu, mtunzieni nafasi yake, msiijaze. Siku akirudi, huenda akarudi na maji ya kijiji kizima.

Kisa kimeiva, nimekitoa motoni. Asiyetaka ukoko wake akaokee kwa jirani.