Gome la Arobaini na Moja

Zamani za kale sana, watoto, wanyama walikuwa na waganga wao. Mganga aliyegundua dawa aliiandika kwenye gome la mti, akalitundika uani kwa Kanga, mwenyekiti wao. Aliyeitumia dawa ile akapona alichanja chale moja kwenye gome. Kila masika, mganga mwenye chale nyingi kuliko wenzake alikabidhiwa bustani ya dawa.

Nguchiro alikuwa na gome moja tu, la dawa ya homa ya kupe. Lilikuwa na chale kumi na mbili. Mizizi ya dawa hiyo iliota bustanini humo tu, na Kiboko, mwenye bustani mwaka ule, alikuwa akiing'oa ili apate pa kulala. Mvua zilikaribia, na kupe pia.

Kiboko alikuwa na magome arobaini na chale mia tatu.

"Nyati! Umenichanjia?" aliuliza Kiboko.

"Nimekuchanjia, mkubwa. Nawe nichanjie."

"Umeyasoma?" aliuliza Nguchiro.

"Magome yote yale?" Nyati alicheka. "Mimi nachanja tu!" Kwaru! Kwaru!

Nguchiro alikwenda nyumbani, akaandika gome jipya.

Kesho yake alibisha hodi kwa Kiboko. "Shikamoo, mganga mkuu."

"Marahaba, kidudu. Umekuja kulilia mizizi yako?"

"Hapana. Nina gome jipya, la mafua. Lakini likiwa na jina langu, nani atalitazama? Naomba liwe lako. Nikusomee?"

"Aa, utanichosha! Lete." Kiboko alikandamiza mguu wake wenye matope juu ya gome: pwaa! "La arobaini na moja hilo. Jina lako ulifute."

"Nimeshalifuta, mkubwa."

Kabla jua halijatua, Nyati, Kifaru na wenzao walikuwa wamelichanja chale thelathini.

Siku ya kukabidhi bustani ilifika. Kanga alipoanza kuhesabu, Nguchiro alinyoosha mkono. "Mwenyekiti, lile jipya lisomwe, sote tufaidike."

"Lisomwe!" Kiboko alivimba kwa furaha. "Kwa sauti!"

Kanga akasoma: "Dawa ya mafua. Mgonjwa akate mkia wake, auchemshe, anywe mchuzi."

Kanga akainua macho kutoka kwenye gome.

"Nyati," alisema Kanga, "chale yako hii hapa. Ulipona?"

"Ni... nilipona, mwenyekiti."

"Hebu geuka."

Nyati aligeuka. Mkia ulikuwepo, unafukuza nzi: fyu, fyu.

"Kifaru, nawe."

Kifaru alikaa chini upesi: puu! "Mimi nimechoka, mama."

Wanyama walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Gome hilo si langu!" Kiboko alifoka. "Ni la huyu kidudu!"

"Na wayo huu ni wa nani?" aliuliza Kanga.

Kiboko aliutazama mguu wake.

Basi Kanga alimwita kila mchanjaji aeleze dawa aliyoichanjia. Aliyeshindwa, chale yake ilifutwa. Katika zile za Kiboko zilibaki nne. Wale kumi na wawili wa Nguchiro walisimama mmoja mmoja, wakaeleza jinsi homa ilivyowatoka.

Nguchiro alikabidhiwa bustani asubuhi ileile. Alipanda mizizi yote iliyosalia, na mvua ikamkuta akishindilia udongo wa mwisho.

Watoto wangu, msiisifu kazi ya mtu kabla hamjaisoma.